Nani Anamlipa Nani? Maneno kwa Walimu Wanaotafuta Kazi Nje

Haya ni maneno niliyoyasema Jumamosi iliyopita mbele ya walimu wahitimu na wazazi wao, katika ukumbi mmoja hapa Moshi mjini. Wengi mlitamani kuja mkakwama Rombo, Same na Mwanga. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Wazee wangu, shikamooni. Walimu wenzangu, habari za mchana. Bwana Yesu asifiwe. Asalamu alaykum. Wadogo zangu mliosimama kule nyuma, ingieni mkae, nafasi zipo.

Nianze na ng'ombe.

Baba yangu alikuwa na ng'ombe mmoja wa maziwa, wa kufugia bandani, kule kwetu Kibosho. Mliolelewa mlimani mnajua ng'ombe wa namna hiyo ana maana gani. Maziwa ya asubuhi yanauzwa, ya jioni wananywa watoto, samadi inakwenda kwenye migomba. Ng'ombe mmoja, lakini kihamba kizima, lile shamba la nyumbani, kinamtegemea. Mwaka 2011 baba alimuuza ng'ombe yule ili mimi niende Korea Kusini kufundisha Kiingereza.

Sikwenda Korea Kusini. Sikupanda hata basi la Dar es Salaam.

Nilikuwa nimemaliza shahada yangu ya ualimu, nafundisha tempo katika shule binafsi. Mshahara mwezi huu unakuja, mwezi ujao hauji. Tangazo nililiona kwenye intaneti kafe, karibu na stendi. Walimu wa Kiingereza wanahitajika haraka, nyumba bure, tiketi ya ndege bure, dola 2,200 kwa mwezi. Nikaandika. Wakajibu siku hiyo hiyo. Wakaniambia Kiingereza changu ni kizuri kuliko cha waombaji wengi waliowahi kuwapokea. Ndugu zangu, sikilizeni hapo: hawakuwa wamenisikia nikitamka hata neno moja!

Kisha ikaja ada ya kufungua faili. Kisha ada ya viza. Kisha bima. Kila nilipolipa, niliambiwa kimebaki kitu kimoja tu. Jumla ilifika milioni moja na laki nane. Nilipomaliza kulipa kile cha mwisho, namba yao haikupatikana tena.

Sasa niwaulize, na swali hili nitalirudia mpaka mlichoke: nani alimlipa nani? Mimi niliyetafuta mshahara ndiye niliyetoa pesa. Yule aliyesema ananiajiri ndiye aliyepokea. Mwalimu mwenye shahada nilishindwa kuona kitu ambacho mama muuza ndizi pale Mbuyuni angekiona mara moja, kwa sababu yeye hajawahi kumlipa mteja ili mteja anunue.

Ipo sehemu ya pili ya habari hii, nayo ndiyo inayoniuma zaidi. Miaka kadhaa baadaye nilikuja kujua kwamba hata kama tangazo lile lingekuwa la shule ya kweli, mimi nisingepewa kazi ile. Korea Kusini ina viza ya walimu wa mazungumzo ya Kiingereza, inaitwa E-2. Kwa kawaida hutolewa kwa raia wa nchi saba: Marekani, Kanada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Tanzania haimo. Haikuwamo mwaka ule. Sheria hiyo haikuwa siri ya mtu. Ilikuwapo kabla baba hajamfunga ng'ombe kamba na kumpeleka mnadani. Mimi sikuiuliza.

Na ipo sehemu ya tatu. Nilimwambia baba kwamba ubalozi umeninyima viza. Nilimdanganya mzee wangu kwa sababu niliona aibu. Mwalimu wa Kiingereza nitasemaje nimetapeliwa kwa barua ya Kiingereza? Mwaka uliofuata, binti mmoja tuliyesoma naye chuo akanipigia. Akasema, dada, wewe si uliomba Korea? Wale watu wakoje? Nikamjibu kwamba bado wananishughulikia. Naye akalipa. Kwa watu wale wale. Kosa lile ni langu, nimelibeba muda mrefu, na ndilo lililonisimamisha hapa leo.

Ndugu zangu, sote humu ndani tumewahi kupata ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Unausoma, unaufuta, unaendelea kumenya ndizi. Mbona ule hautupati? Ni kwa sababu haumjui anayeupokea. Unarushwa tu kama jiwe gizani. Tangazo la ualimu linamjua anayelisoma. Linajua umemaliza chuo miaka mitano, sita, saba iliyopita. Linajua umeomba ajira serikalini zaidi ya mara moja. Linajua mwenye duka anakuita "mwalimu" huku akikuandika kwenye daftari la madeni. Na zaidi ya yote, linakusifia kitu ambacho umekisomea na hakuna aliyekithamini. Mtu mwenye kiu hachunguzi kikombe.

Lakini sisi ni walimu. Kazi yetu ni kusahihisha. Basi tushike kalamu nyekundu tusahihishe. Tangazo hili nililetewa na mzazi mmoja aliye humu ndani, na ameniruhusu nilisome. Linasema hivi, natafsiri: "Walimu 12 wa Kiingereza wanahitajika haraka Asia. Nafasi 3 zimebaki. Mshahara hadi dola 3,500. Hakuna usaili. Uzoefu si lazima. Saa 25 tu kwa wiki. Nyumba na tiketi juu yetu. Ada ya viza inarudishwa."

Asia ipi? Asia ina nchi karibu hamsini, na kila moja ina sheria yake ya viza. Mwajiri wa kweli anakutajia mji na jina la shule, hata mtaa, kwa sababu anataka mtu atakayekubali kuishi pale. Nafasi 3 zimebaki: hiyo ni ya kukunyima usingizi, usipate muda wa kumuuliza mtu. Hadi dola 3,500: wekeni mstari chini ya neno "hadi". Shilingi mia nayo iko ndani ya "hadi" hiyo. Hakuna usaili. Jamani! Hapa Moshi, ukiomba kufundisha darasa la tatu shule ya inglishi midiamu, unaitwa, unapewa chaki, unafundisha mbele ya mwalimu mkuu na wenzake. Mtu wa ng'ambo anawezaje kukukabidhi watoto bila kukusikia ukisoma hata sentensi moja? Hajali kama unajua kufundisha, maana kufundisha siko anakokutakia.

Saa 25: hapa hata shule za kweli huwapotosha watu, kwa hiyo nikae kidogo. Mara nyingi saa hizo huhesabu dakika za darasani tu. Kuandaa somo, kusahihisha, kusimama getini kupokea watoto, kuhudhuria sherehe za shule Jumamosi, hayo hayahesabiwi. Unajikuta shuleni saa 40 au 50, na mkataba hauna uongo wowote. Tiketi juu yetu: unanunua wewe, unarudishiwa ukimaliza mkataba wa mwaka mzima. Ukiondoka mwezi wa kumi na moja, umekosa. Nyumba juu yetu: ya watu wangapi? Maji na umeme analipa nani? Majibu yapo kwenye mkataba ambao hujaonyeshwa. Usikubali kusaini ukurasa wa mwisho peke yake, hata ukiambiwa kurasa nyingine ni za kawaida.

Na ada ya viza inarudishwa. Nani anamlipa nani? (Hapo ukumbi ulijibu wenyewe.)

Niseme na la vyeti, maana nimewaona mnavihangaikia. Kuna vyeti vya kufundisha Kiingereza kwa wageni, vinaitwa TEFL, vya "saa 120". Vipo vya maana na vipo vya kununua. Kozi ya CELTA ya Cambridge ina saa 120 za mafunzo, na ndani yake lazima ufundishe wanafunzi wa kweli kwa saa 6, mkufunzi amekaa nyuma anakuandika makosa. Kozi nyingine unabonyeza majibu kwenye simu siku mbili, cheti kinakuja kwa barua pepe, na juu yake ahadi ya "kazi ya uhakika". Cheti ambacho hakuna mtu aliyekutazama ukifundisha hakisemi lolote juu ya ufundishaji wako. Na hakuna cheti chochote kinachobadilisha uraia ulioandikwa kwenye pasipoti.

Hilo la pasipoti linanipeleka China, kwa sababu huko ndiko wengi wenu mnakotazama.

Kijana mmoja niliyefundisha naye shule moja, mpole, mchapakazi, alikwenda China mwaka 2018. Wakala alimpatia viza ya M. Viza ya M ni ya biashara, mtu anayekwenda kununua mzigo ndiyo anayopewa. Akauliza, mbona si ya kazi? Wakala akamwambia ni ile ile, utabadilisha ukifika. Wadogo zangu, si ile ile. Ya kazi ni Z, na unaipata ukiwa bado nje ya China, baada ya mwajiri kukuombea kibali. Na kanuni yao inamtaka mwalimu wa lugha ya kigeni awe raia wa nchi ambayo lugha hiyo ndiyo lugha mama, awe na shahada, na kwa kawaida awe na uzoefu wa miaka miwili. Sisi Watanzania tunafundishwa sekondari na chuo kwa Kiingereza, tunaandika tasnifu kwa Kiingereza, lakini kwenye karatasi zao hatuhesabiwi. Inauma. Nami inaniuma. Lakini maumivu yetu hayabadilishi karatasi, na wakala anayekuambia "mimi nina koneksheni" anakupeleka ukaishi kwa kujificha.

Kijana yule aliishi hivyo. Alifundisha shule ya chekechea. Siku za ukaguzi alipewa ishara, akatokea mlango wa jikoni, akakaa bustani ya jirani mpaka wakaguzi waondoke. Mwanamume mzima, mwalimu, watoto wake aliowafundisha kuimba wanamwona anakimbia. Aliahidiwa yuan 12,000 kwa mwezi, akapewa 6,000. Angemshitaki nani? Sheria ya China ya kuingia na kutoka, inayotumika tangu Julai 1, 2013, inamtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likiwa zito anawekwa kizuizini siku 5 hadi 15. Mwajiri wake alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana alimlipa nusu: alijua hana pa kwenda kusema.

Mnaoletewa matangazo ya "fundisha watoto wa Kichina ukiwa sebuleni kwako", yanayodai ulipie vifaa vya kuanzia, mjue kwamba Julai 2021 serikali ya China ilibana sana biashara ya masomo ya ziada, na ikapiga marufuku vituo hivyo kutumia walimu wa kigeni walioko nje ya nchi. Bado naletewa matangazo hayo kila mwezi, na wanaolipia vifaa bado wapo.

Mzazi mmoja aliniuliza wiki iliyopita: mwalimu, kama shule ni ya kweli na viza ni ya kweli, bado kuna tatizo? Mama yangu, swali hilo ni zito kuliko unavyodhani. Nikujibu kwa habari ya Louisiana, kule Marekani.

Kuanzia mwaka 2007, walimu wapatao 350 kutoka Ufilipino walikwenda kufundisha katika shule za umma za jimbo lile. Shule zilikuwepo. Watoto walikuwepo. Viza ilikuwa halali, ya kazi, inaitwa H-1B. Hawakuwa watoto wadogo, walikuwa walimu wazoefu. Wakala alianza na ada moja. Walipokwisha kuilipa, pesa isiyorudi, wakaambiwa ipo nyingine kubwa zaidi. Kwa jumla kila mmoja alitoa kiasi cha dola 16,000, na wengi walikopa kwa riba kali. Wakatakiwa pia kusaini kwamba watatoa asilimia 10 ya mshahara wa mwaka wa pili. Nyaraka zao zikashikiliwa mpaka walipe. Aliyelalamika alitishiwa kurudishwa kwao, na kule kwao deni linamsubiri mlangoni.

Mnaona? Tangazo halikudanganya kuhusu kazi. Lilidanganya kuhusu bei ya kazi. Mwalimu mwenye deni la namna ile hawezi kusema hapana. Hapa kwetu hatukopi Manila, tunakopa VICOBA, tunakopa kausha damu, tunaweka hati ya kiwanja cha mama pale Pasua. Deni ni lile lile.

Lakini walimu wale walifanya jambo ambalo mimi sikulifanya. Walisema. Walikwenda chama cha walimu cha Marekani, wakasaidiwa na wanasheria, wakafungua kesi mwaka 2010. Desemba 2012 baraza la mahakama likaamua walipwe dola milioni 4.5. Na jambo walilolalamikia dunia ililikataa zamani: Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema wakala binafsi wa ajira asimtoze mfanyakazi ada, isipokuwa kwa ruhusa maalumu za nchi. Uingereza imemzuia wakala kumtoza mtafuta kazi tangu sheria ya mwaka 1973. Kwa hiyo mtu akikuambia "shule ya London inataka utoe paundi 400 za kukutafutia nafasi", amekwisha kukujibu mwenyewe.

Hili linalofuata nitalisema kwa kifupi, kwa sababu wapo humu wenye watoto walioko mbali na sitaki kuwatia presha. Kuna mto unaitwa Moei, unatenganisha Thailand na Myanmar. Upande huu mji wa Mae Sot, upande ule Myawaddy. Vijana wasomi wamejibu matangazo ya kazi nzuri Thailand, za kuhudumia wateja kwa Kiingereza, za ukalimani, za kompyuta. Wanapokelewa uwanja wa ndege, wanapakiwa kwenye gari usiku, wanavushwa mto. Huko wanafungiwa kwenye majengo yenye walinzi, wanalazimishwa kutapeli watu kwa simu, na asiyefikisha kiwango anapigwa. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema watu wapatao 120,000 huenda wanashikiliwa hivyo Myanmar, na wengine kama 100,000 Kambodia. Februari 2025 maelfu walitolewa kupitia mto ule, Waafrika wakiwamo, Waethiopia na majirani zetu Wakenya. Ripoti ile ya Umoja wa Mataifa ilisema wazi kwamba wengi wa wanaonaswa ni watu waliosoma, wanaojua lugha zaidi ya moja.

Walimu, Kiingereza chenu ndicho wanachokitaka kule. Ukiona kazi Thailand, mshahara mkubwa, hakuna usaili, usikimbilie kufurahi kwamba angalau hii haina ada. Hapo swali letu linageuka: kama wewe hulipi, na hujaonyesha kazi yako, nani anamlipa nani kwa ajili yako?

Sasa tufanye nini? Hapa nchini wakala binafsi wa ajira anatakiwa kuwa na leseni ya Kamishna wa Kazi. Mwombe leseni, usiridhike na picha kwenye WhatsApp, wasiliana na TaESA, ofisi ya serikali ya huduma za ajira, uulize kama wanamjua. Jina la shule litafute wewe mwenyewe, upige simu ya shule uliyoipata kwingine, si ile uliyopewa na wakala. Soma masharti ya viza kwenye ukurasa wa ubalozi kabla hujamwambia mzee auze chochote. Ujumbe wa utapeli utume TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kwa namba 15040. Kama umeshalipa, nenda polisi na risiti za muamala. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008. Zinahitaji mlalamikaji. Mkikaa kimya kama mimi, hazina kazi.

Na nje kupo, msije mkasema nimewafungia mlango. Kuna mpango wa Fulbright FLTA. Kwa miaka mingi umewachukua walimu vijana, wa Kiingereza wakiwamo, wakafundishe lugha yao katika vyuo vya Marekani kwa mwaka mmoja wa masomo. Lugha yao, maana yake kwako ni Kiswahili. Maombi hayana ada. Fomu ni ndefu, barua za wadhamini zinatakiwa, insha zinasomwa, usaili upo, na wengi wanakosa. Linganisheni na lile tangazo la nafasi 3. Huku hakuna anayekusifia, wanakupima. Na kwenye kile wanachokupima, mzawa wa lugha ni wewe. Miaka yote ile nilihangaika nihesabiwe katika Kiingereza, sikuwahi kukitazama Kiswahili changu kama kitu cha kuombea kazi.

Baba alifariki mwaka 2019. Migomba ilikaa bila samadi misimu mitatu, mikungu ikawa midogo, na hakuniuliza hata siku moja juu ya ng'ombe. Yule binti wa chuo nilimtafuta mwaka jana nikamweleza ukweli. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimemwambia mtu mwingine. Leo amekaa hapa mbele.

Tukitoka hapa, mimi na yeye tutakaa pale mlangoni, kwenye ile meza ya daftari la mahudhurio. Leteni simu zenu, leteni mikataba, tuisome pamoja mstari kwa mstari. Aliyekwisha kutuma pesa aje wa kwanza, na asiogope kuja na mzazi wake.

Asanteni.